Waya Tatu za Mkanda wa Harusi

Runinga mpya ni nyembamba kama ubao wa kukatia mboga.
Kaka Lusajo kaileta toka Tunduma, imeviringwa blanketi.
Nikapapasa mgongo wake kwa vidole
kama anayetafuta kupe kwenye ngozi ya ndama:
tundu moja bapa, mabega yameinama,
pacha wake pembeni,
na la antena. Basi.

Deki ya marehemu baba, nzito kama tofali bichi,
ina matundu matatu ya duara:
la njano ni la picha,
jeupe na jekundu ni ya sauti.
Wawili hawa wamekaa meza moja
hawana neno la kuambiana.

Na mkanda ni mmoja tu,
harusi ya dada Bupe, Tukuyu, Agosti ya tisini na saba.
Mama hajauona
tangu radi ilipoiua ile runinga ya chogo.

Nikapanda Mbeya. Mvua ilinisindikiza
hadi Isyonje, ikageuza.
Mwanjelwa, kijana wa kaunta, sikio moja lina muziki,
akanipa kisanduku cheupe, ukubwa wa kiberiti.
"Inaingia hii, dada."

Na kweli iliingia.
Kila dume lilipata jike lake, bila kusukumwa.
Skrini ikawa bluu, ikabaki bluu.
Mama alingoja, kitenge kipya kiunoni,
mpaka chai ya maziwa ikaota utando.

Kesho yake Mwanjelwa tena, safari hii kwa Ambakisye,
miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu,
waya zinaning'inia juu ya kichwa chake
kama utumbo buchani mkesha wa sikukuu.
Hakuuliza tundu likoje.
Aliuliza: "Nani anasema, nani anasikiliza?"
Nikadhani ananitania.
Akakigeuza kisanduku, akasogeza tochi ya simu:
"Hiki kinachukua maneno ya kipya, kinampelekea wa kale.
Wewe wa kale ndiye mwenye hadithi.
Sura moja, bei moja, safari mbili tofauti.
Kuingia si kuelewana, dada.
Usitazame tundu. Tazama mshale."

Akanipa kingine, kinafanana nacho kama yai na yai.
"Na huyu mkalimani naye anakula.
Kamchomeke kwenye umeme, kwa hiki kitundu cha ubavuni,
la sivyo atakutolea macho tu."
Akashika waya mpya, tatu kwa elfu nne.
"Za zamani ninazo," nikasema,
nikabakiza nauli na sukari kilo moja.
"Ndaga," akasema, akawarudishia msumari.

Nyumbani kwanza ilikuja chenga,
kisha migomba, kisha mabega ya watu,
kisha Bupe, shela limemziba hata pua.
Mama akacheka, akataja majina:
huyu kahamia Kyela, huyu hatuongei naye,
huyu ndiye aliyeunguza wali.

Baba akasimama, koti la kuazima, mikono imezidi.
Akakohoa. Akaanza kusema.
Na sauti ilitoka upande mmoja tu, wa kushoto,
kama mtu aliyesimama mlangoni
anakataa kukaribia ndani.

Nikaichomoa waya nyekundu, nikaitazama:
panya alishaitafuna, shaba inachungulia.
Elfu nne yangu.
"Jumamosi nitarudi Mwanjelwa, mama,
tutamsikia vizuri, pande zote."

Hakunijibu.
Alibeba kigoda chake,
akazunguka meza, akapita mbele ya picha,
kivuli chake kikamfunika baba, kikamwachia,
akaketi kushoto, sikio kwenye spika.
Juu ya bati mvua ilianza upya.
"Ongeza," akasema, "inamzidi."